Mkopo, skolashipu au mlezi: kijana wa kidato cha sita Arusha na Moshi ashike kipi?

Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022. Tangu hapo mtoto wa mkulima wa Kibosho au wa mfugaji wa Longido anaufikia mtihani wa mwisho wa sekondari bila nyumbani kudaiwa ada, na kikwazo kikubwa kimehamia kwenye geti la chuo. Matokeo yakitoka Julai, simu za wazazi huanza: "Mwalimu, mtoto amefaulu, sasa tufanyeje?" Nafundisha sekondari hapa Moshi, na kazi yangu nyingine ni kukaa na wanafunzi wanaotaka chuo huku nyumbani hakuna kitu. Nimeona nizilinganishe njia zilizopo kweli kwa kijana wa mikoa hii miwili, ili mzazi asiishie kwenye ile ya kwanza aliyoisikia kwa jirani.

Njia zenyewe ni mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), Samia Skolashipu, malezi ya GLAMI kwa wasichana, shule ya St Jude ya Arusha pamoja na mpango wake wa baada ya kidato cha sita, na ufadhili wa Mastercard Foundation kwa anayetazama nje ya nchi. Nitagusa pia ukoo na kanisa, maana huku kwetu hesabu ya ada haifungwi bila wao.

Kipimo changu nakisema mapema. Msaada wowote nauuliza maswali mawili: unamwingiza kijana chuoni, na je, unamtoa huko akiwa na shahada mkononi? Wazazi wengi huuliza la kwanza peke yake. Wamarekani wamelisumbukia hili la pili kwa muda mrefu, na mfano ninaoupenda ni mpango uitwao ASAP, ulioanzishwa mwaka 2007 na City University of New York kwa wanafunzi wa vyuo vya kati vya jiji hilo, wengi wao wa kipato cha chini. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine wakaingia kwenye mpango na wengine wakaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, kati ya waliokuwa ndani ya mpango asilimia 40 walikuwa wamehitimu, na kati ya wenzao asilimia 22. Mpango huo ulifidia ada iliyobaki baada ya misaada mingine, ndiyo. Lakini ulitoa pia kadi ya usafiri bure, vitabu bure, na mshauri mwenye wanafunzi wachache ambaye mwanafunzi alilazimika kwenda kumwona. Nauli, kitabu na mtu wa kumuuliza habari zake. Mambo hayo matatu yabaki kichwani unaposoma yanayofuata.

Nani anaruhusiwa kuingia

Bodi ndiyo yenye mlango mpana. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mwombaji anatakiwa awe Mtanzania aliyepata udahili kwenye chuo kinachotambuliwa na asiwe na kipato cha kujisomesha. Haijalishi alisoma Old Moshi au shule ya kata ambayo maabara yake ni chumba chenye meza mbili. Yatima, mwenye ulemavu, na mtoto wa kaya iliyo kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hupewa kipaumbele. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada, kwenye fani za kipaumbele kama afya, wanaweza kuomba. Jambo hili wazazi wengi hawajalisikia, na lina uzito kwa yule ambaye alama zake hazikutosha shahada moja kwa moja.

Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka 2022/23, inapitia Bodi hiyo hiyo ila haiulizi umaskini. Inatazama ufaulu: vijana waliofanya vizuri kabisa kwenye michepuo ya sayansi, wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, teknolojia, hisabati au tiba. Mtoto wa mwenye hoteli anaweza kuipata sawa na mtoto wa mama muuza ndizi wa Mbuyuni. Kwa hiyo ukiwa na kijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) mwenye daraja la kwanza la pointi chache, fuatilia majina yanapotangazwa. Ukiwa na wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) mwenye akili kama moto, skolashipu hii haimhusu, na ni afadhali ajue mapema.

St Jude ni habari nyingine. Shule hii ilianzishwa Arusha mwaka 2002 na Mwaustralia Gemma Sisia, na inasomesha bure watoto wenye uwezo darasani wanaotoka kwenye familia maskini. Mtoto anafanya mtihani, kisha watu wa shule wanakwenda hadi nyumbani kuona hali halisi. Mpango wake wa kupeleka vijana vyuoni ni kwa waliosoma hapo hapo. Ninasisitiza hili kwa sababu kila mwaka nakutana na mzazi anayetaka kumpeleka huko kijana aliyekwisha kumaliza kidato cha sita kwingine. Hiyo ni njia ya mdogo wake aliye shule ya msingi. Kama unaishi Arusha na una mtoto mdogo anayeng'ara, anza kufuatilia sasa.

GLAMI, ambayo zamani ilijulikana kama AfricAid, inafanya kazi na wasichana ndani ya shule za Arusha na Kilimanjaro. Programu yake ya Kisa ni ya miaka miwili, kidato cha tano na cha sita, na kuna nyingine iitwayo Binti Shupavu kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Msichana anaingia kama shule yake ni mshirika. Mzazi anayemchagulia binti shule ya kidato cha tano aulize jambo hili, kama anavyouliza maji na bweni.

Mastercard Foundation ilianza kusomesha vijana wa Afrika mwaka 2012, na haipokei maombi yenyewe. Unaomba kupitia chuo. Miongoni mwa vyuo vilivyowahi kushirikiana nayo ni Makerere ya Uganda, Ashesi na KNUST za Ghana, Edinburgh ya Uskochi na EARTH ya Costa Rica. Mlango ni mwembamba na ushindani ni wa bara zima. Mtu yeyote anayekuambia kwenye simu kwamba "anaweza kukuingiza Mastercard" kwa laki mbili ni tapeli, usimtumie hata shilingi.

Kinacholipwa, na kisicholipwa

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Mkopo wa Bodi una mafungu yake: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, mahitaji maalumu ya kitivo, na utafiti. Kupangiwa mkopo hakuna maana ya kulipiwa vyote hivyo kwa asilimia mia. Wawili wanaweza kutoka darasa moja, mmoja akapata ada yote na mwenzake akapata nusu, kwa jinsi Bodi ilivyopima uwezo wa familia zao. Fungu la chakula na malazi, ambalo wanafunzi wote wanaliita bumu, lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa mwezi ni laki tatu. Kwa kijana aliyepanga geto na wenzake kule Rau, akapika mwenyewe na kwenda Chuo cha Ushirika kwa miguu, inatosha akiwa na nidhamu. Kwa aliyepanga mbali na chuo, anayepanda daladala kwenda na kurudi kila siku na kula kwa mama ntilie mchana na jioni, haitoshi.

Tena bumu haliji siku ya kuripoti. Wiki ya kwanza chuoni kijana anatakiwa alipe pango la chumba, mara nyingi la miezi kadhaa kwa mkupuo, anunue godoro, na alipie bima ya NHIF, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwanafunzi. Kama mkopo haukufunika ada yote, kuna kiasi cha kutanguliza ndipo asajiliwe. Fedha hii ya wiki ya kwanza haimo kwenye njia yoyote ya hapa nyumbani inayotegemea mkopo, na ndiyo inayowafanya baadhi ya vijana waliopata mkopo wachelewe kuripoti au wasiende kabisa.

Hapo ndipo ukoo na kanisa wanapoingia. Desemba, watu wakipanda kutoka Dar kuja nyumbani, kikao cha ukoo huwa na ajenda ya nani anasoma na nani anasaidiwa. Tatizo ni kalenda. Vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, na kikao ni baada ya hapo. Ushauri wangu kwa familia za Machame, Marangu, Rombo na kwingineko: ahidini Desemba hii kwa ajili ya Oktoba ijayo, mtoto akiwa bado kidato cha sita. Fedha za ukoo zisielekezwe kwenye ada ambayo Bodi inaweza kuilipa. Ziwekwe kwa ajili ya godoro, pango, bima na nauli. Usharika au parokia nayo ni vivyo hivyo. Barua ya mchungaji au paroko kuomba milioni mbili za ada hukaa mezani miezi, lakini ombi la laki tatu za kuanzia hujibiwa.

Samia Skolashipu na Mastercard ziko upande mwingine kabisa, kwa kuwa zinalenga kufunika gharama za mwanafunzi kwa upana. Mastercard hufika hadi kwenye nauli ya safari na vitabu. GLAMI kazi yake ni malezi, usiitarajie kulipa ada ya chuo. Msichana wa Kisa bado anaomba mkopo kama wenzake, tofauti ni kwamba anaomba akiwa na mtu pembeni.

Baada ya geti

Ninalikalia hili kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linalotofautisha njia hizi.

Bodi inalipa, haileei. Mwanafunzi akishika sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, mwaka wa kwanza, akapoteza mzazi, akaanza kukimbia vipindi kwa sababu haelewi Kiingereza cha mhadhiri, hakuna mtu wa Bodi atakayebisha hodi. Wala si kazi yake, kwa maelfu ya wanafunzi inaowahudumia. Chuo kina dawati la wanafunzi na mshauri, lakini mtoto aliyetoka Monduli Juu, wa kwanza kwenye boma lao kufika chuo, ataanzaje kuingia ofisi yenye mlango uliofungwa kumweleza mtu asiyemjua kwamba ameshindwa? Atanyamaza. Atadisko, yaani ataondolewa chuoni kwa kufeli, arudi nyumbani, na watu watasema akili yake iliishia sekondari.

Linganisha na St Jude. Kijana wao akimaliza kidato cha sita haendi chuo moja kwa moja. Kuna mwaka wa kujitolea, ambapo wengi hufundisha kwenye shule za serikali zenye upungufu wa walimu, ndipo anaingia chuo akiwa na ufadhili na watu wanaomjua tangu utotoni. Mwanzoni niliona mwaka huo kama ucheleweshaji. Sasa nauona una faida mbili: shule ya serikali inapata mwalimu wa fizikia ambaye isingempata, na kijana anafika chuo akiwa mtu mzima kidogo, amekwisha kuamka asubuhi kwenda kazini na kusimama mbele ya watoto sitini.

Kisa inafanya jambo linalofanana kwa njia nafuu zaidi. Wanaowalea wasichana ni akina dada Watanzania waliokwisha kupita chuo kikuu wenyewe. Binti anapoambiwa na dada kama huyo kwamba semista ya kwanza ni ngumu na kwamba sapu si mwisho wa dunia, anaamini, kwa sababu anamwona amesimama mbele yake na ajira yake. Mimi mwalimu nikisema maneno hayo hayo, yanakuwa mawaidha. Natamani sana wavulana wa Arusha na Kilimanjaro wangekuwa na kitu kama hicho. Tunadhani mvulana atajiongoza, na wengi hawajiongozi.

Lipo jingine la Marekani la kujifunza, ambalo halihitaji fedha. Posse Foundation, iliyoanzishwa New York mwaka 1989, huwapeleka vijana chuoni kwa vikundi vya takribani kumi, wote chuo kimoja, baada ya kuwakutanisha kwa miezi kadhaa. Shirika lenyewe linasema karibu asilimia 90 ya vijana wake huhitimu. Hatuwezi kuwaamulia wanafunzi wetu vyuo, lakini tunaweza kuwashauri watatu wanne wa shule moja wenye sifa zinazolingana wachague chuo kimoja, wapange geto moja, na wawe na zamu ya kupika. Nimewaona vijana wa namna hiyo pale Chuo Kikuu cha Mwenge, Moshi, na pale Chuo cha Uhasibu Arusha (IAA), Njiro, wakibebana kama mafiga. Mmoja akikosa kipindi, wenzake wanajua kabla hajaamua kuacha chuo.

Deni

Samia, St Jude na Mastercard hazirudishwi. Mkopo unarudishwa, na kwa aliyeajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Anayeanza kazi kwa laki saba anakatwa 105,000 kila mwezi. Mwaka 2021 serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni livimbe kila mwaka, kwa hiyo hali ni nafuu kuliko waliyoikuta kaka na dada zetu.

Siwaambii watu wauogope mkopo. Mtoto wa maskini akiukataa kwa kuogopa makato, amejifungia mlango pekee uliokuwa wazi kwake. Ninachoogopa ni mkopo usio na shahada. Anayeacha chuo mwaka wa pili anabaki na deni la miaka miwili na hana cheti cha kumpa kazi ya kulilipa. Ndiyo maana swali la nani atamlea chuoni ni swali la fedha pia.

Kwa hiyo nani achague nini

Kama ni msichana anayekwenda kidato cha tano, tafuteni shule yenye Kisa, kisha aombe mkopo wakati ukifika. Malezi na mkopo pamoja, kwa maoni yangu, ndiyo mchanganyiko bora kwa binti wa kawaida wa mikoa hii, kuliko kuisubiri skolashipu kubwa ambayo inaweza isije.

Kama ni kijana wa sayansi mwenye ufaulu wa juu sana, aombe mkopo huku akifuatilia Samia, asiache kimoja kwa kutegemea kingine. Na akitaka Mastercard, aanze kuandaa maombi akiwa bado kidato cha sita, kwa sababu kalenda za vyuo vya nje haziendi na zetu. Anayesubiri matokeo ya Julai ndipo aanze kutafuta, mara nyingi anakuta mwaka umeshampita.

Kama ni mvulana wa daraja la pili au la tatu, wa arts, wa familia ya kawaida, njia yake ni Bodi, na mlezi atafutiwe kwa makusudi. Mtafutieni mtu mmoja aliyemaliza chuo kile kile: mtoto wa jirani, mwalimu wa zamani, kaka wa kanisani. Mpeni namba yake kabla kijana hajaondoka, na mwombeni huyo kaka ampigie kila mwezi. Chuo cha karibu nacho kina faida zake. Ushirika, Mwenge, Makumira na IAA viko hapa hapa, na anayeweza kurudi nyumbani Jumamosi akala na kupumzika ana nafuu kubwa kuliko anayeanza maisha Dodoma peke yake.

Na wote hao, kabla ya dirisha la mkopo kufunguliwa, waweke vyeti mezani. Kosa linalowaangusha watu wengi zaidi ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Elias, cha kidato cha nne kinasema Eliasi. Au jina la kati limeandikwa kirefu huku na herufi moja kule. Mfumo hautambui kwamba ni mtoto yule yule. Cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi pia, na uhakiki unachukua siku. Mzazi aliyefariki bila cheti cha kifo kukatwa, jambo la kawaida sana vijijini, humaanisha kuanza kwa mtendaji wa kijiji na kupanda hadi wilayani. Kazi hiyo ifanyike Januari, kijana akiwa bado shuleni na baba mdogo anayejua tarehe bado yuko nyumbani baada ya Krismasi. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mdhamini na namba ya kaya ya TASAF, kama mko kwenye mpango, ziandikwe kwenye karatasi moja na kutunzwa pamoja na vyeti.

Majina ya Bodi hutoka kwa awamu, kwa hiyo kukosa awamu ya kwanza si kunyimwa. Zikiisha zote bila jina lake, au akipata kidogo mno, dirisha la rufaa hufunguliwa, na rufaa yenye kielelezo kipya, kama cheti cha kifo kilichohakikiwa au uthibitisho wa ulemavu, ina nguvu kuliko barua ndefu ya kulalamika. Akifikia hapo kijana aje na mzazi wake shuleni, hata kama alishamaliza. Ofisi ya taaluma iko wazi.